Miezi kumi na nusu, hata jino moja: je, ni maziwa yangu?

Habari yako Sista,

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, naishi Pipeline, Embakasi, Nairobi. Amani wangu ana miezi kumi na nusu na hajaota hata jino moja. Nimempapasa fizi kila asubuhi mpaka sasa akiona kidole changu anafumba mdomo.

Mtoto wa jirani tunayetazamana milango ni mdogo kwake kwa mwezi na kitu, na tayari ana manne. Yule amekunywa maziwa ya kopo tangu akiwa na wiki mbili. Wangu alinyonya tu, bila maji bila uji, hadi miezi sita kama tulivyofundishwa kliniki. Na haikuwa rahisi kuifikisha hiyo miezi sita. Likizo ya uzazi iliisha baada ya miezi mitatu nikarudi kazini Industrial Area, nikawa nakamua maziwa chooni, nayaficha kwenye friji ya ofisi huku wenzangu wakichekea pembeni. Sasa nikiambiwa ni maziwa hayohayo yaliyomchelewesha mtoto, roho inaniuma.

Anayesema hivyo ni mama mkwe. Alikuja kutoka Kakamega mwezi jana kutusaidia kulea baada ya msichana wa kazi kuondoka. Ni mtu mwema na sitaki ugomvi naye. Lakini aliinua chupa ya maziwa niliyokamua, akaiangalia kwenye mwanga, akasema, "Haya ni maji. Meno yatatoka wapi?" Anataka nimwachishe mtoto nianze kopo. Tena anasema mtoto asiye na meno hapewi chakula. Mwanzoni nilikuwa nimeanza kumpa ugali laini na ndengu, lakini tangu mama aje Amani anakunywa uji mwepesi kwa chupa, supu ya viazi iliyochujwa, na ndizi kidogo jioni. Mayai yamepigwa marufuku kabisa.

Baba Amani ukimuuliza anasema, "Nyinyi wawili ndio mnajua."

Mtu wa kemisti ameniuzia dawa ya kalisi ya kunywa na nyingine ya kupaka fizi, eti inavuta meno. Nimepaka mara moja tu, kalisi sijaifungua. Halafu kuna mama mmoja ghorofa ya chini anayesifika kwa kufungua fizi za watoto kwa wembe mpya. Mama mkwe ameshaongea naye, tumpeleke Jumapili.

Mtoto mwenyewe anatambaa, anacheka, hana shida nyingine. Alizaliwa wiki sita kabla ya tarehe akiwa na kilo 1.9, lakini hayo yalipita.

Niambie ukweli, Sista. Je, maziwa ya mama huchelewesha meno? Na je, nimwachishe?

Mama Amani, Pipeline

*

Mama Amani,

Pole, na hongera kwa ile miezi sita. Maziwa yako hayajachelewesha jino lolote, na usimwachishe. Hayo ndiyo majibu ya maswali yako mawili. Lakini yaliyonishtua zaidi katika barua yako ni yale ambayo hukuyauliza, na naanza na wembe kwa sababu Jumapili haiko mbali.

Usimpeleke. Hakuna fizi inayohitaji kufunguliwa. Jino likiwa tayari, mfupa na nyama iliyo juu yake hujiyeyusha polepole na kulipisha. Ukikata kabla ya hapo unapata kidonda, damu, na mlango wa vijidudu kuingia, hata vya pepopunda, wembe uwe mpya usiwe mpya. Isitoshe, karibu na kila kijino cha utotoni kuna kichipukizi cha jino la ukubwani, na mkono wa yule mama hauwezi kukiona. Sehemu nyingi za Afrika Mashariki watoto hung'olewa vichipukizi vya chonge kwa imani kwamba ndivyo vinavyoleta homa na kuhara, na madaktari wa meno wamekuwa wakipokea matokeo yake kwa miaka mingi: mapengo, meno yaliyopinda, mengine yasiyotokea kabisa. Mwambie mama mkwe kwamba sista amekataa. Lawama iniangukie mimi, yeye hanijui na mimi nimezoea.

Sasa tuhesabu miezi upya. Ule mstari uliouweka mwishoni kabisa, kwamba Amani alizaliwa wiki sita kabla ya tarehe, ungekuwa wa kwanza kama ningekuwa mimi ninayeandika. Mtoto njiti hupimwa kwa umri uliorekebishwa: unatoa zile wiki alizokosa tumboni. Kwa hesabu hiyo meno ya Amani yana miezi 9, hayana kumi na nusu. Watoto wengi huota jino la kwanza karibu na mwezi wa 6, kwa kawaida moja kati ya yale mawili ya chini ya mbele, lakini wapo wanaoota wakiwa na miezi 4 na wapo wanaofika siku ya kuzaliwa ya kwanza na kidevu kilicholoa mate na fizi tupu. Wote hao ni wazima. Uzito mdogo wa kuzaliwa nao huchelewesha kidogo, na kilo 1.9 ni uzito mdogo. Kwa hivyo mtoto wa jirani si kipimo cha wako hata kama wangekunywa maziwa kutoka titi moja.

Halafu kuna jambo ambalo mama mkwe hangeweza kulijua kwa kuangalia chupa. Meno ya utotoni huanza kutengenezwa mimba ikiwa changa, wiki ya sita hivi, na karibu mwezi wa nne wa ujauzito yanaanza kushika madini na kuwa magumu. Siku Amani anazaliwa, sehemu kubwa ya taji la yale meno ya mbele ilikuwa imeshajengwa ndani ya taya. Maziwa, yawe yako au ya ng'ombe aliyekaushwa akatiwa koponi, yanakuta kazi hiyo imeshafika mbali. Kinachobaki ni jino kupanda, na saa ya kupanda hutolewa zaidi na damu ya ukoo. Watafiti nchini Australia walipowafuata mapacha, waliona wale wa kufanana kabisa huota meno kwa kukaribiana sana kuliko mapacha wa kawaida, na tafiti za Uingereza na Finland zimepata jeni kadhaa zinazoendana na wakati wa jino la kwanza.

Ndiyo maana mtu mwenye jibu lako amekaa hapo sebuleni kwako. Muulize mama mkwe, kwa upole na wakati mnapika: Baba Amani aliota jino la kwanza lini? Na ndugu zake? Kina mama wa umri wake hukumbuka mambo haya vizuri kuliko kijitabu chochote. Piga simu kwa mama yako pia uulize habari zako wewe. Sitashangaa akijibu, "Huyu? Huyu alikaa hadi akaanza kusimama." Na kama si hivyo bado hujapoteza kitu, umempa mama mkwe nafasi ya kuwa mjuzi badala ya hakimu.

Kuhusu kopo na titi wenyewe: tafiti zilizolinganisha watoto wanaonyonya na wanaokunywa maziwa ya kopo zimetoa majibu yanayogongana. Nyingine hazikuona tofauti yoyote, nyingine ziliona tofauti ndogo ya kupita. Kinachoonekana wazi zaidi ni kwamba watoto wanaozaliwa wakubwa na kuongezeka uzito haraka huwa wanatangulia kuota. Yawezekana mtoto wa jirani ni wa kundi hilo. Kuota mapema hakumpi afya zaidi ya wako. Kunampa tu kazi ya kupigwa mswaki mapema zaidi.

Na yale "maji" kwenye chupa? Maziwa ya mwanzo wa kunyonya au kukamua huwa mepesi, yana rangi ya kubuluu kidogo, na mafuta huja kadiri titi linavyoendelea kumwagwa. Yaache kwenye friji uone mafuta yakipanda juu. Kalisi iliyomo haitegemei umekula nini leo. Mwili wako ukipungukiwa huichota kwenye mifupa yako ili mtoto asikose, kisha huirudisha ukishaacha kunyonyesha. Tena kalisi ya maziwa ya mama hufyonzwa na utumbo wa mtoto vizuri zaidi kuliko ile ya kopo. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto aendelee kunyonya hadi miaka miwili na zaidi, pamoja na chakula. Amani hajafika hata nusu. (Na kwa kuwa umenitajia choo: Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea au kukamulia maziwa, na inasema wazi kisiwe choo. Wafanyakazi wanawake wawili watatu wakienda pamoja kwa meneja wanasikilizwa kuliko mmoja.)

Hata hivyo sitakuficha, kuna kitu kimoja ambacho kopo linacho na titi halina cha kutosha, nacho ni vitamini D. Maziwa ya mama huwa na kiasi kidogo sana, ya kopo huongezewa kiwandani. Mtoto anayenyonya anatakiwa kuipata kwenye jua au kwenye matone. Hapo ndipo anwani yako inanitia wasiwasi kuliko maziwa yako. Nairobi iko karibu kabisa na ikweta, jua tunalo, lakini Pipeline nimepita: maghorofa yamebanana hadi ukinyoosha mkono dirishani unasalimiana na jirani wa ploti nyingine, na ghorofa za chini taa huwaka saa sita mchana. Jua la kupitia kioo halihesabiki, kwa sababu kioo huzuia ile miali inayotengeneza vitamini hiyo kwenye ngozi. Mtoto anayeshinda ndani anaweza kupungukiwa hadi mifupa ikalainika, yaani ugonjwa wa matege, na huo kweli huchelewesha meno. Watoto njiti wamo kwenye hatari zaidi kwa sababu walizaliwa kabla ya kujaza akiba yao.

Kwa hiyo mtoe nje kila siku, juu kwenye paa mnakoanika nguo au popote jua linapofika, mikono na miguu ikiwa wazi, kabla jua halijawa kali. Hiyo ni kazi nzuri ya mama mkwe na ataifurahia. Na uliza kliniki kuhusu matone ya vitamini D. Madaktari wengi wa watoto huandika yuniti 400 kwa siku kwa mtoto anayenyonya. Nadhani mlipotoka hospitali na njiti mlipewa matone ya vitamini na ya madini ya chuma. Je, mliyaendeleza au yaliisha mkasahau? Wengi husahau, hasa mtoto akishanenepa.

Sasa chakula. Hapa ndipo ningekuwa jirani yako ningegonga mlango leo. Umeniuliza kama kulisha kunachelewesha meno, kumbe nyumbani kwenu ni meno yanayochelewesha kulisha. Amani ana zaidi ya miezi kumi tangu azaliwe na anashindia uji mwepesi na supu iliyochujwa! Tumbo la mtoto ni dogo, likijaa maji ya uji hakuna nafasi ya kitu kingine. Kuanzia miezi sita akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo inakwisha, kwa njiti inakwisha mapema zaidi, na maziwa ya mama, pamoja na uzuri wake wote, hayana chuma cha kumtosha. Akiendelea hivi atapungukiwa damu, atadumaa, na lishe duni ya muda mrefu ndiyo aina ya ulishaji ambayo kweli huchelewesha meno. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 18 kati ya kila 100 wa Kenya walio chini ya miaka mitano wamedumaa. 

Fizi zinatafuna. Weka kidole chako safi pale nyuma akiwa na njaa uone zinavyouma. Hata watoto wenye meno manne kama wa jirani yako hawatafuni kwa hayo meno, yale ni ya kukata. Magego ya kutafunia huanza kutokea kuanzia mwezi wa 13 hivi, na ya mwisho huja baada ya miaka miwili. Tungesubiri hayo tungezika watoto.

Rudisha ugali laini na ndengu, na usisage kama losheni. Ponda kwa uma, uache vidonge vidonge. Kipimo ni kijiko: ukikiinamisha chakula kisitiririke. Yai mpe, limeiva vizuri, pingu na ute wake. Hakuna ukweli katika marufuku hiyo, na ukimuuliza mama mkwe mwenyewe huenda asijue imetoka wapi. Maini ya shilingi chache yakipikwa na kukwaruzwa kwa kijiko yana chuma kwa wingi. Omena iliyokaangwa kavu ikasagwa unga, kijiko kimoja kwenye mboga. Githeri ya nyumbani, chukua maharagwe uyamenye ngozi, yaponde na viazi na mnavu au mchicha. Parachichi wakati wa msimu. Mafuta kidogo juu. Umri wake anatakiwa kula mara tatu au nne kwa siku, na kitu kidogo kati ya milo, na titi akitaka. Uji ukiwepo uwe mzito, uwe na maziwa au njugu zilizosagwa, na anywe kwa kikombe au kijiko, si kwa chupa. Chupa ya uji wenye sukari anayolala nayo mdomoni itayaozesha meno hayo unayoyangoja, na huanza na yale ya mbele juu. Njugu nzima, bisi, zabibu nzima na karoti mbichi bado, hizo zinakaba.

Kama mama mkwe hana imani na hili, usibishane. Mlishe Amani mbele yake, kijiko kwa kijiko, aone fizi zikifanya kazi. Na Baba Amani aambiwe kwamba "nyinyi wawili ndio mnajua" si jibu. Huyo ni mama yake, na neno la kukataa wembe linatakiwa litoke kinywani mwake.

Sina hakika utaishinda hoja ya kopo kwa maneno, basi tumia hesabu. Piga bei ya makopo ya mwezi, ongeza gesi ya kuchemshia maji. Kisha uliza maji yenyewe yanatoka wapi. Kama ploti yenu hutumia kisima, ujue baadhi ya visima vya Nairobi vina madini ya floridi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani, na kuchemsha hakuiondoi. Mtoto anayechanganyiwa maziwa kwa maji hayo kila siku anaweza kuota meno ya ukubwani yenye madoa ya kahawia, maana ndiyo yanayojengwa sasa hivi ndani ya taya. Maziwa ya mama karibu hayana floridi hata kama wewe unakunywa maji hayohayo. Hapo ndipo ulishaji unapogusa meno kweli, ila ni meno ambayo utayaona Amani akiwa darasa la kwanza.

Mpeleke kliniki wiki hii, usingoje tarehe. Beba kijitabu cha mama na mtoto, na mwambie sista wa hapo kwamba alizaliwa njiti, kisha apimwe uzito na urefu, mchoro uangaliwe kama unapanda au umelala tangu mwezi jana. Muombe aguse utosi wake na vifundo vya mikono kama vimevimba, dalili za matege, na aangalie kama hajapungukiwa damu. Anatambaa, hilo linanipa moyo. Akifikisha mwaka mmoja kwa umri uliorekebishwa bila jino, mkumbushe daktari wa watoto. Akifikisha miezi 18, nenda kwa daktari wa meno, kwa mfano hospitali ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Mara chache sana kuna sababu kubwa kama upungufu wa homoni ya tezi ya shingo, na huyo mtoto huwa ana dalili nyingine: mlegevu, hufunga choo, hakui. Siye Amani uliyenieleza.

Kitu kingine, kwa kuwa meno yatakuja: yatamfanya atoe mate, awe na kisirani, apoteze usingizi siku mbili tatu. Hayaleti homa ya nyuzi 38 wala kuhara. Umri huu mtoto huokota kila kitu chini na kinga aliyotoka nayo tumboni imepungua, ndiyo sababu anaugua. Akiwa na homa mpeleke hospitali, usiambiwe ni meno. Siku jino litakapochomoza, mswaki laini na dawa ya meno yenye floridi, kiasi cha punje ya mchele, asubuhi na kabla ya kulala.

Dawa ya kalisi, kwa kuwa hujaifungua, mrudishie mtu wa kemisti na risiti. Kalisi haivuti jino. Ile ya kupaka soma kibandiko. Kama ina benzokeni au lidokeni, dawa za ganzi, usiiguse tena: mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani iliwataka watengenezaji waache kuuza zenye benzokeni kwa watoto walio chini ya miaka miwili, kwa sababu inaweza kuinyima damu uwezo wa kubeba oksijeni, na lidokeni ilishaonywa kabla ya hapo. Nayo Nigeria, kati ya mwisho wa 2008 na mwanzo wa 2009, zaidi ya watoto 80 walikufa baada ya kunyweshwa dawa ya kuota meno iliyoingia kemikali ya sumu. Kama fizi zinamsumbua, kitambaa safi kilicholoweshwa na kupoozwa kwenye friji kinatosha, ama kidole chako, kama atakubali kufungua mdomo tena. Kichupa cha ile ya kupaka usimpe jirani. Kitupe.